Adabu za Viti vya Mbele

Wiki tatu kabla ya safari, sebule ya Musila pale Kitengela iligeuzwa ndege. Makochi yalisukumwa ukutani, viti sita vya plastiki vilivyoazimwa kanisani vikapangwa viwili viwili, na katikati kikaachwa kijia chembamba. Katika kijia hicho Beverlyne, mke wa Musila, alipita na sinia la vikombe vitupu huku akitabasamu kwa namna ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kutabasamiwa siku za kawaida.

"Madam, chai ama juisi?" alimwuliza mama mkwe wake.

"Chai," akajibu Munyiva.

"Hapana, Mama. Unasema, 'Chai, tafadhali.' Na usimwangalie hivyo. Huyo ni hostess, si mtoto wa shule."

Kwa miaka ishirini na saba Munyiva alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wavulana huko Kajiado, na wavulana mia tatu walikuwa wakishusha macho mbele ya mwiko wake. Sasa alikuwa akifundishwa kuomba chai katika nyumba ambayo chai yenyewe aliipika yeye. Mapajani mwake aliketi mjukuu wake Lennox, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, amevaa gambuti nyekundu za mpira. Udongo mweusi wa Kitengela ukilowa humvua mtu viatu bila kumwomba ruhusa, kwa hiyo kila mtoto wa mtaa ule alikuwa na gambuti. Lakini Lennox alizivaa hata jua likiwaka, alizivaa akila, na alilala nazo. Aliyethubutu kumvua alizua kilio kilichosikika hadi barabara ya Namanga.

Lennox alikuwa mtoto wa Ndanu, binti ya Munyiva, aliyekwenda Uingereza mwanawe akiwa na miezi tisa, akaajiriwa kumtunza bibi kizee mmoja tajiri. Karibu miaka miwili Ndanu alihangaika na karatasi za kumwita mtoto. Zilipokubaliwa, viza ilikuja na mwisho wake: Jumapili, tarehe kumi na nne. Lennox asipoingia Uingereza kabla ya siku hiyo, maombi yangeanza upya, na nani ajuaye kama yangekubaliwa mara ya pili. Mwana wa yule kizee, mtu aliyekuwa na pointi nyingi za ndege kuliko nafasi ya kuzitumia, ndiye aliyetoa tikiti mbili za Ijumaa asubuhi, moja ya nyanya na moja ya mjukuu. Zote mbili zilikuwa za viti vya mbele.

Habari hiyo ya viti vya mbele ndiyo iliyompandisha Beverlyne wazimu wa kiungwana. Alikuwa na saluni karibu na stendi, na kwa kusuka nywele za wake wa wakubwa alikuwa amejifunza wakubwa wanavyoishi. Hakuwa amepanda ndege hata mara moja, jambo ambalo halikumpunguzia ujuzi wowote. Alikwenda saiba, duka la intaneti, akachapisha ukurasa wenye kanuni kumi na moja za abiria wa tabaka la juu wanaosafiri na watoto, akaubandika juu ya televisheni.

"Ya kwanza," alisoma, "mtoto hapigi kiti ya mtu teke. Ya pili, hapigi kelele. Ya tatu, hatembeitembei. Ya nne, hakuna chakula ya kunuka. Mama, hapo nikuambie mapema: hakuna kubeba muthokoi kwa hotipoti."

"Muthokoi haunuki."

"Mimi sijasema unanuka. Nimesema hatubebi."

Katika kiti cha nyuma aliketi Nalianya, jirani yao, aliyefanya kazi ya kusafisha ndege uwanjani. Alikuwa amealikwa kama mtaalamu, na mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote.

"Mimi niko na miaka sita nikifagia hizo ndege," alisema. "Nyuma kwa wengi naokota makombo ya biskuti. Lakini huko mbele kwa wakubwa, Mama Musila, kuna vitu siwezi taja."

"Taja," alisema Munyiva.

"Kucha, mama. Kucha za miguu. Mtu amekata, ameacha kwa kapeti."

Beverlyne alisema kuwa hiyo haikuwa katika kanuni.

Mlangoni alikuwa amesimama Nalangu, mama wa Kimaasai aliyewaletea maziwa kila asubuhi. Alikuwa amesema "Sopa" mara mbili bila kuitikiwa, kwa maana ndege ilikuwa hewani. Alitazama viti, akatazama sinia, kisha akauliza, "Kwani huko juu mtoto akilia anaumiza watu kuliko hapa chini?"

"Huko ni watu wa maana, Nalangu. Wanataka utulivu."

"Mtu mzima anashindwa na sauti ya mtoto?" Nalangu alimimina maziwa katika sufuria. "Huyo hata ng'ombe hawezi chunga."

Beverlyne aliinama, akatoa kwenye boksi viatu vyeupe vyenye kifungo cha dhahabu, akashika gambuti ya kushoto ya Lennox na kuivuta. Kilio kilichofuata kilimaliza safari. Nalianya aliziba masikio, Musila aliweka gazeti chini, na Nalangu akaondoka akicheka mpaka jerikeni likagonga lango.

"Atasafiri na gambuti," alisema Munyiva.

"Mama! Viti vya mbele!"

"Hata angeketi mapajani mwa rubani."

* * *

Ijumaa ya safari watu kumi na wanne walimsindikiza Munyiva uwanja wa ndege. Hakuna aliyewaita wote. Ilikuwa desturi tu, kwamba mtu wa kanisa akivuka bahari lazima asindikizwe kwa pikapu ya kanisa, kwa nyimbo, na kwa maombi marefu yanayomkumbusha Mungu namba ya ndege. Munyiva alikaa mbele ya gari la kuazimwa, mkoba wake mapajani. Beverlyne alikaa nyuma na Lennox. Walipofika Athi River, Munyiva aligeuka akamwona akimpangusa mtoto mdomo kwa tishu.

"Ana nini?"

"Hana kitu, Mama. Ni mate tu."

Walipoteremka, jua lilikuwa limekwisha chomoza na Lennox alikuwa amelala begani kwa Musila. Beverlyne alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Mnaona? Mtoto ametulia. Sasa hiyo ndiyo class."

Wasindikizaji walizuiwa mlangoni. Nalianya, kwa beji yake, aliwaombea Musila na Beverlyne ruhusa ya kufika kaunta. Wengine walibaki nje ya kioo, wakaendelea kuimba bila kusikika, midomo ikifunguka na kufungika.

Kwenye foleni ya viti vya mbele palikuwa na zulia jekundu lenye urefu wa hatua nne. Nyuma yao alisimama bwana mmoja mnene aliyevaa suti ya kijivu, ambaye kijana aliyembebea begi alimwita "mheshimiwa" kila baada ya maneno matatu. Mheshimiwa alizitazama gambuti, akalitazama zulia, akapiga hatua moja nyuma.

Msichana wa kaunta aliitwa Keziah. Jina lilikuwa kifuani mwake. Alikagua pasipoti, akakagua viza, akatabasamu. "Shosho, mmebahatika, hii inaisha Jumapili. Wacha nimwone kijana." Akainuka, akamgusa Lennox shavuni. Kichwa cha mtoto kilianguka upande kama cha mwanasesere.

Tabasamu likaondoka. "Lennox," aliita Keziah. "Lennox! Shosho, huyu mtoto ni mgonjwa?"

"Amelala tu," Beverlyne aliwahi kujibu. "Ni kuamka mapema."

Keziah alimtikisa mguu. Alimpulizia usoni. Lennox hakufungua hata jicho. "Mimi siwezi kumpandisha hivi. Lazima daktari amwone. Na kaunta inafungwa saa tatu." Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

"Na asipopanda leo?" aliuliza Musila.

"Ndege ya leo imejaa, ya kesho na keshokutwa pia. Nafasi iko Jumanne."

Jumanne, viza ingekuwa karatasi. Munyiva alimchukua mtoto kutoka begani kwa Musila, akamlaza mkononi, akainamisha pua mdomoni mwake. Alisikia harufu tamu, ya peremende zilizoyeyuka. Aliijua. Katika jiko la shule alikuwa amepima dawa za wavulana wenye vikohozi kwa miaka mingi.

"Beverlyne," alisema, kwa ile sauti ya chini iliyokuwa ikituliza bwalo zima. "Umempa nini?"

"Mama, mimi..."

"Sijakuuliza wewe ni nani."

"Dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja tu, nyumbani. Wateja wangu wote wanapatia watoto wao wakipanda ndege. Halafu hakulala." Alianza kulia. "Nikamwongeza kimoja Athi River."

Mheshimiwa aliangalia saa yake ya mkononi kwa sauti, kama jambo hilo linawezekana. "Kwani hapa ni matanga? Watu wengine tuko na mikutano."

Daktari alikuja saa tatu kasorobo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima Lennox mapigo, akamsikiliza kifua, akafunua kope zake moja moja, akaiona chupa ambayo Beverlyne aliitoa mkobani. Alimtazama Beverlyne kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama chupa.

"Dawa hii si ya kumtia mtoto adabu," alisema. "Anapumua vizuri, moyo uko sawa. Lakini sitatia sahihi mtoto asiyeamka. Akiamka, akanitazama, akalia vizuri, nitasaini. Asipolia, habanduki hapa."

Ndipo watu waliotumia wiki tatu kumfundisha mtoto kunyamaza wakaanza kumwomba alie. Musila alipiga makofi karibu na sikio lake. Nalianya alimnyunyizia maji ya chupa. Beverlyne alipiga magoti kwenye zulia la wakubwa, rinda lake jipya chini ya magoti, akambembeleza: "Lia, baba. Lia, Lennox, tafadhali. Piga kelele kidogo tu. Lia, mtoto wangu, mbele ya hawa watu wote!" Alimfinya paja, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Mtoto alikunja uso, akaukunjua. Nje ya kioo kwaya ilikuwa imefika ubeti wa furaha.

Saa iliyokuwa ukutani ilibakiza dakika saba.

"Ondokeni," alisema Munyiva.

Aliketi chini, pale pale kwenye zulia, akamlaza mjukuu mapajani. Alishika gambuti ya kushoto kwa mikono miwili akaivuta. Vumbi na vibonge vya udongo mkavu wa Kitengela vilimwagika juu ya zulia. Lennox hakushtuka. Kidole gumba cha mguu kikacheza. Munyiva alifunga macho, akaivuta ya pili.

Kwa kitambo hakuna kilichotokea, na Munyiva akajikuta anamwona Ndanu, amesimama mahali fulani penye baridi, akitazama mlango.

Kisha Lennox akavuta pumzi. Aliivuta ndefu, mpaka tumbo likaingia ndani, na alipoiachia, abiria wa foleni zote waligeuka. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeibiwa. Alilia akimtazama daktari, akalia akimtazama Keziah, akatapika kidogo kitu cha rangi ya waridi karibu sana na kiatu cha mheshimiwa, akaendelea kulia.

"Huyo ni mzima," alisema daktari, akaomba kalamu. "Mpeni maji mengi. Na hiyo chupa naichukua mimi."

Keziah alikuwa akigonga mihuri huku akicheka na kujifuta macho. Munyiva alimvisha mtoto gambuti zake, akainuka kwa kushika ukingo wa kaunta. Beverlyne alisogea, uso wote umelowa, wanja umefika kidevuni.

"Mama, nisamehe. Mimi nilitaka tu msiaibike."

"Kanuni kumi na moja ulitusomea," alisema Munyiva. "Ya kumi na mbili uliitunga mwenyewe." Alimtazama kidogo, akamnyooshea tishu. "Futa machozi. Watu wa mbele hawalii."

* * *

Viti vya mbele vilikuwa vikubwa kuliko kitanda alichozalia watoto wake watatu. Munyiva alikaa, akasema, "Chai, tafadhali," akaletewa chai, na ikawa haina majani ya kutosha. Mheshimiwa alikuwa ng'ambo ya kijia. Alikuwa amekwisha agiza kinywaji, akakirudisha kwa kukosa barafu, akakirudisha tena kwa kuwa na barafu nyingi.

Lennox alikuwa macho sasa, macho kabisa, mwenye kichwa kizito na hasira ya dawa. Alipofungwa mkanda alilia. Ndege ilipoanza kukimbia alilia. Ilipopaa, masikio yakamwuma, na kile kilio cha kaunta kikaonekana kuwa kilikuwa cha majaribio. Munyiva alimnywesha maji, akamwimbia kwa Kikamba. Aliingiza mkono mkobani kutafuta leso yake, ile ya zamani ambayo Lennox alibebwa nayo mgongoni tangu alipoachwa, na ambayo ndani yake hajawahi kukosa usingizi. Haikuwamo. Mahali pake Beverlyne alikuwa ametia viatu vyeupe vyenye kifungo cha dhahabu, na skafu nyembamba isiyoweza kubeba hata paka.

"Sista!" Mheshimiwa alipiga vidole. "Hii kelele ni mpaka London? Nimelipia kiti hapa. Wapeleke nyuma, huko ndiko kuna watoto wengine."

Mhudumu aliinama, akasema kwa upole kuwa abiria wale walikuwa na viti vyao.

"Hao? Kiti gani? Mama, ulipata hii tikiti wapi?"

"Nilipewa," alisema Munyiva. "Na wewe?"

Mtu wa kiti cha nyuma alikohoa, na hakikuwa kikohozi. Mheshimiwa, ambaye tikiti yake ilitoka mfuko wa umma kama chakula chake, nyumba yake na kijana wake wa begi, alirekebisha tai.

Taa ya mkanda ilipozimika, Munyiva alisimama. Alichukua blanketi la ndege, laini, la rangi ya maziwa, akalikunja kwa pembe. Aliinama hadi mgongo ukawa meza, akamrusha Lennox juu yake kwa mkono mmoja kama alivyofanya maelfu ya mara, akalitupa blanketi juu. Lilikuwa zito na fupi, fundo halikufika.

"Mama, tafadhali," alisema mheshimiwa. "Hapa si sokoni."

"Naona. Sokoni watu wangekwisha nisaidia kufunga."

Mhudumu aliangalia huku na huku. Kisha akaweka sinia lake chini, akavuta pembe mbili za blanketi kwa nguvu ambayo haikufundishwa chuo chochote cha wahudumu wa ndege, akafunga fundo kifuani mwa Munyiva. "Hata mimi nilibebwa," alimnong'oneza.

Munyiva alikipanda kijia, akakishuka. Alitembea kama alivyokuwa akitembea jikoni kati ya sufuria, polepole, kiuno kikicheza. Safari ya nne, kilio kilikuwa mguno. Safari ya saba, gambuti nyekundu zilining'inia kila upande, zimetulia, na kishavu chenye mate kilikuwa kimelowesha blauzi yake mgongoni.

Baada ya chakula, mheshimiwa alivua viatu, akavua soksi, akaziweka juu ya meza ndogo ya katikati. Alilaza kiti chake kwa kishindo, kikombe cha mtu wa nyuma kikamwagika. Aliinua miguu akaikanyagisha ukutani. Kilipokwisha kinywaji cha nne alilala, akakoroma kama kinu cha unga kilichokosa mafuta, na kabla ya hapo, Munyiva aliona kwa macho yake mawili, alikuwa ametoa kikata kucha mfukoni.

Munyiva alikunjua ule ukurasa wa kanuni, aliotiliwa mkobani na Beverlyne, akavaa miwani yake, akatoa kalamu. Alitia alama penye ya kwanza, penye ya pili, na penye ya nne kwa ajili ya zile soksi zilizokuwa mezani. Alipofika mwisho, mheshimiwa alikuwa amepata nane. Za kucha hakuzihesabu, maana hazikuwamo.

* * *

Ndanu alikuwa amesimama mbele kabisa penye kizuizi, amevaa koti zito, ameshika puto lenye jina la mwanawe. Alipokiona kilemba cha mama yake aliliachia puto, akapita chini ya kamba ambayo haikuruhusiwa kupitwa.

"Mwaitu!" alimlilia mama yake kwa Kikamba. Kisha akaona zile gambuti. Alipiga magoti, akafungua mikono. "Lennox. Njoo kwa Mama. Njoo."

Lennox, aliyekuwa ameteremshwa mgongoni dakika ile, aliutazama uso ule ambao aliujua kwa picha tu. Alirudi nyuma akajificha katika sketi ya nyanya yake. Ndanu hakuweza kungoja, alimkumbatia, akamwinua. Mtoto alivuta ile pumzi ndefu.

Ukumbi mzima ulisikia. Madereva wenye vibao waligeuka. Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi walinyanyua nyusi kwa pamoja. Ndanu, ambaye alikuwa ameishi miaka miwili katika nyumba ambayo hata saa ya ukutani iliambiwa ipunguze sauti, aliona haya mpaka masikioni.

"Shh, shh, Lennox. Watu wanatuangalia. Mwaitu, nifanye nini anyamaze?"

Munyiva alikuwa ameegemea kizuizi, miguu imevimba, ameshika kiuno. Mheshimiwa alipita mbele yao akiongea kwa simu kuhusu safari mbaya, soksi moja ikichungulia mfukoni.

"Usimfanye lolote," alisema Munyiva. "Asubuhi hii tulimpigia magoti alie, akatunyima. Keti chini umshike."

"Hapa sakafuni?"

"Hapo hapo."

Ndanu aliketi sakafuni na koti lake lote, watu wakimkwepa kushoto na kulia, akambana mwanawe kifuani. Lennox alimlilia sikioni, akajipinda, akampiga teke la tumbo kwa gambuti moja, kisha kwa nyingine, mateke ambayo tumbo lile lilikuwa halijayapata tangu kabla hajazaliwa. Udongo mkavu wa Kitengela ulimwagika juu ya koti. Ndanu alizidi kumbana, naye akaanza kulia kwa sauti, na Munyiva hakumkanya.